Kiatu cha Tatu

Si hapo zamani za kale, wala si mbali. Ni juzijuzi tu, ng'ambo ya ule mto mpana ambao pantoni huuvuka kwa nusu saa ikiwa injini imeamka vizuri. Huko ng'ambo kuna nchi inaitwa Jamhuri ya Ukarimu. Ipo, na itaendelea kuwepo, kwa sababu Mkarimu Mkuu wa nchi hiyo alishatamka redioni kwamba itaendelea kuwepo, na hajawahi kutamka jambo akapatikana mtu wa kumbishia.

Nchi hiyo ina soko. Utapata humo sindano za cherehani zilizokwisha kuacha kutengenezwa, vioo vya taa za chemli, meno ya bandia ya juu peke yake au ya chini peke yake, dawa ya panya, na meza ya pili yake panya wenyewe, kwa ajili ya wenye paka. Upande wetu huku, mtu akikosa kitu dukani huambiwa, "Vuka." Hatuelezani zaidi ya hapo.

Siwatu alivuka siku ya Jumatatu, asubuhi, mtoto mgongoni. Kilichomvusha ni viatu.

Mtoto wake, Batuli, alizaliwa miguu imepinda kwa ndani, nyayo zinatazamana kama majirani wawili wanaosengenya. Daktari wa hospitali ya wilaya akamfunga plasta. Kila wiki anaivunja, anaunyoosha mguu kidogo, anafunga nyingine. Plasta saba. Kila moja ilipotoka miguu ilikuwa imefunguka zaidi, taratibu, kama mtu anayefungua barua asitake kuichana. Ilipotoka ya saba Siwatu alilia pale pale juu ya ndoo ya vumbi la plasta, maana miguu ilikuwa miguu.

"Kazi yangu nimemaliza, mama Batuli," daktari akasema. "Sasa kazi imebaki ya viatu." Viatu vyenyewe ni viwili vidogo vya ngozi, vimeunganishwa kwa kipande cha chuma, ncha zinatazama nje. Mtoto anavaa usiku na mchana. Hospitali ilikuwa haina hata jozi moja. Zilizoagizwa zilikuwa njiani tangu mwaka juzi. "Mguu wa namna hii una kumbukumbu," daktari akamwambia. "Ukiuacha wazi wiki mbili tatu, utakumbuka ulikotoka. Vuka."

Ndiyo akavuka. Kabla ya kupanda pantoni alimlaza Batuli kwenye khanga, akaacha miguu ilale yenyewe, kisha akapima kwa vidole vyake nafasi iliyopo kati ya vidole gumba viwili vya mtoto. Vidole vinne viliingia. Akaridhika, akamfunga mgongoni.

*

Viatu alivipata kabla jua halijawa kali. Sisemi uongo, soko la Ukarimu ni soko. Mstari wa tisa, meza ya mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, Bi Mwatano, anayeuza magongo, miwani ya kusomea, mikanda ya ngiri, na kila kitu cha mtu ambaye mwili umemgomea. Vilikuwa vimening'inia kwenye msumari. Jozi moja tu.

"Bei gani, mama?"

Bi Mwatano akataja bei. Siwatu akashika kiuno.

"Mama, nanunua viatu au nanunua na meza?"

"Ngozi hiyo, mwanangu. Na chuma hicho hakishiki kutu."

"Mwenye kuvivaa hana hata jino la pili."

"Ndiyo maana nimekutajia bei ya vibogoyo. Wenye meno yao nawachinja."

Wakacheka. Siwatu akageuka kama anaondoka, akaitwa, akarudi. Bi Mwatano akaapa kwamba anapata hasara, Siwatu akaapa kwamba baba Batuli atamwacha, na baada ya viapo hivyo, ambavyo wote wawili walijua ni vya uongo, wakafika mahali pa kati kila mmoja akiwa na furaha. Viatu vikafungwa kwenye gazeti, ukurasa wa michezo, kwa kuwa ukurasa wa mbele una picha ya Mkarimu Mkuu na ni kosa kuukunja. Siwatu akapokea. Ngozi ilikuwa na harufu mpya. Alikuwa amemaliza. Angegeuka tu akaenda zake, hadithi hii ingekuwa fupi na ningekuwa naandika mambo ya mapishi.

Lakini ulimi una mazoea yake. Kwetu ukinunua fungu la nyanya muuzaji anatupia moja juu. Ukinunua kitambaa unapewa na uzi. Hata ukinunua dawa ya mswaki, mwenye duka anamtafutia mtoto pipi. Asipotupia, unamkumbusha, na kumkumbusha si kuomba. Ni namna ya kusema sisi na wewe tumekuwa ndugu, nitarudi. Siwatu, kwa moyo mweupe kabisa, akasema:

"Haya mama yangu, na nyongeza yangu?"

Bi Mwatano akaganda mkono hewani.

"Umesema nini, mwanangu?"

"Nyongeza, mama. Hata kamba tu ya kiatu. Mtoto akikua nimwambie..."

"Nyamaza," Bi Mwatano akanong'ona. "Nyamaza, nyamaza, nyamaza."

Filimbi ikalia. Meza tatu mbele akainuka mtu mwembamba aliyevaa suti yenye mifuko miwili upande mmoja. Soko zima, wauzaji na wanunuzi, wakasimama wakapiga makofi, kama sheria inavyotaka. Mwenye kuku alipiga makofi na kuku mkononi.

*

Hapa sina budi kueleza kidogo, msije mkadhani watu wa Ukarimu ni wabaya.

Miaka ya nyuma nyongeza ilikuwepo huko kama kwetu. Siku moja Mkarimu Mkuu, wakati huo akiitwa Rais tu, alipita sokoni akamwona mama akimtupia mnunuzi nyanya moja ya juu, na mnunuzi akamwambia, "Mungu akuzidishie." Basi. Alirudi ikulu hakula. Wananchi walikuwa wanashukuriana! Shukrani ya taifa ilikuwa inavuja kila siku, nyanya kwa nyanya, na yeye hata tone hapati. Wiki ile ile nyongeza ikataifishwa. Tangu hapo Ukarimu kuna mtu mmoja tu anayetoa nyongeza, na wizara moja inayomsaidia mkono usimchoke. Anayempa mwenzake kitu bure, hata maji ya kunywa, anahesabiwa kuwa amejifanya Mkarimu Mkuu, na kifungo cha kosa hilo ni kirefu, halafu kina nyongeza.

Sasa yule mwenye suti ya mifuko miwili, Bwana Lubango, Ofisa wa Nyongeza wa mstari wa saba hadi wa kumi na moja, alifika akamwinamia Siwatu mpaka kiunoni.

"Hongera, mgeni. Umeomba. Utapewa."

"Mzee, samahani, nilikuwa natania. Nina haraka ya mtoto."

"Nyongeza haitaniwi." Akauchukua ule mfurushi wa gazeti mkononi mwake taratibu, kama anapokea kichanga, akaumwagia lakiri nyekundu, akapiga mhuri. "Bidhaa iliyoombewa nyongeza haitoki sokoni peke yake. Bidhaa isiyo na nyongeza yake ni yatima. Sisi si nchi ya mayatima."

"Basi nafuta ombi. Sitaki. Nashukuru."

Bwana Lubango akatoa kalamu.

"Niandike kwamba mgeni ameukataa ukarimu wa Mkarimu Mkuu? Kwa sauti? Akiwa na akili timamu?"

Bi Mwatano, chini ya meza, akamkanyaga Siwatu mguu kwa kisigino.

"Hapana," Siwatu akasema. "Niandikie nasubiri."

Akaandikiwa. Kibali chake cha mnunuzi mgeni, cha siku sita, kikapigwa mhuri mkubwa wa kijani: ANASUBIRI UKARIMU. Kuanzia saa ile kila aliyeuona mhuri alimpongeza, na hakuna aliyemuuzia kitu. Alikwenda meza ya chumvi.

"Hongera sana dada!"

"Ahsante. Naomba chumvi."

"Aa, wewe unasubiri. Ukianza kununua kingine utaonekana huna imani."

*

Wizara ya Nyongeza ina jengo zuri kuliko yote Ukarimu. Lina ghorofa saba na ya nane ya nyongeza, ambayo haina ngazi. Huko juu ndiko iliko ofisi ya malalamiko.

Siwatu alipokelewa na Katibu Mkuu wa wizara mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Daktari Kengemeka. Udaktari wa kwanza aliusomea. Wa pili alipewa kama nyongeza, na ndio anaoutumia kazini. Alikuwa mtu wa adabu. Alimwondolea Batuli nzi usoni kwa faili.

"Mama, tumelipokea ombi lako kwa furaha isiyo na kifani. Swali lililopo mbele ya taifa ni hili: nyongeza ya viatu ni nini?"

"Mheshimiwa, hata kamba. Hata pipi. Hata mkinipa hewa nitasema nimepokea."

"Mkarimu Mkuu hatoi hewa. Mwaka jana alitoa hewa, watu wakaizoea." Akafungua kitabu kikubwa. "Nyongeza ya nyanya ni nyanya. Nyongeza ya yai ni yai. Kwa hiyo, kisayansi, nyongeza ya viatu ni kiatu."

"Mtoto wangu ana miguu miwili."

"Kwa sasa," alisema Katibu Mkuu. "Hatuwezi kupanga maendeleo kwa kuangalia hali ya sasa. Nchi nyingi zimeanguka hivyo."

Siwatu akamshusha Batuli, akamlaza juu ya meza ya Mheshimiwa, katikati ya mihuri, akamfunua miguu. Alieleza yote, plasta saba, daktari, kumbukumbu ya mguu. Aliongea vizuri. Kuna wakati mtu anaongea vizuri mpaka mwenyewe anajua kwamba safari hii atasikilizwa. Mheshimiwa alisikiliza mpaka macho yakamlegea. Akatoa leso.

"Inasikitisha sana," akasema. "Imenigusa. Kwa uzito huu jambo hili siwezi kulimaliza hapa. Nalipeleka kwenye Kamati."

Usiku ule Siwatu alipima. Vidole vinne, lakini cha nne kwa kusukuma.

*

Alilala kwa Bi Mwatano, chumba kimoja nyuma ya soko. Kumkaribisha mtu bure ni kifungo, kwa hiyo Bi Mwatano alimnyooshea kiganja mlangoni.

"Nipe kifungo kimoja cha gauni lako."

"Cha nini, mama?"

"Niseme nimekupangisha. Nipe, mwanangu, wasipite wakakuta nimekuhurumia."

Kifungo cha kwanza kilikuwa cha kulala. Cha pili, uji wa Batuli. Kwa cha tatu, Bi Mwatano alichukua boksi la sabuni, akakata vipande, akavifunga kwenye miguu ya mtoto kwa kitambaa cha khanga ili miguu ishike njia. Batuli alilia mpaka akachoka kulia. Alfajiri walikuta boksi limelowa, limejikunja, na miguu imeingia ndani kuliko jana, na ngozi imechubuka juu ya kifundo.

"Huna jozi nyingine hata ya zamani?" Siwatu aliuliza. "Hata ya kuazima?"

"Ilikuwa ile tu. Na ningekuwa nayo, kwa mhuri ule, ningekuuziaje?" Bi Mwatano alimkalisha Batuli mapajani, akampuliza palipochubuka. "Unajua mimi mkono wangu ulikuwa mwepesi zamani? Ukinunua miwani kwangu nakupa na kitambaa cha kufutia. Watu walikuwa wanatoka mbali. Si kwa miwani, wana miwani kwao. Walikuwa wanakuja nizozane nao halafu niwape kitambaa." Akampuliza tena. "Uliposema nyongeza juzi, Mungu anisamehe, mkono ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye kopo la kamba."

Siku ya sita kibali kilipokwisha, Siwatu alikwenda kwa Bwana Lubango akamwambia imetosha, anarudi kwao, daktari ataanza plasta upya, viatu wabaki navyo. Alisema hivyo akiwa ameshikilia meza.

"Mgeni haondoki Ukarimu kabla ya kukirimiwa," Bwana Lubango alijibu. "Tutaitwa nani huko nje? Ila usihofu, muda wa kibali tumekuongezea." Akatabasamu. "Bila kuomba."

Vidole vitatu.

*

Kamati ya Kitaifa ya Uwiano wa Nyongeza ilikaa siku nne. Siku ya kwanza ilijadili posho ya kukaa, siku ya pili ikaipokea. Siku ya tatu likazuka suala gumu: kiatu cha tatu kiwe cha mguu wa kulia au wa kushoto? Wajumbe wakagawanyika. Wa kulia walisema Mkarimu Mkuu hula kwa mkono wa kulia. Wa kushoto waliomba wasiandikwe majina. Siku ya nne kulia kukashinda kwa kura zote na nyingine mbili za nyongeza.

Ikabaki kipimo. Siwatu aliitwa, akaja mbio, khanga inamwanguka, akidhani ameitiwa viatu. Alikuta mafundi watano wa Kiwanda cha Jeshi wamepiga magoti mbele ya Katibu Mkuu, aliyevua soksi.

"Mheshimiwa, mtoto si huyu hapa? Pimeni mguu wake."

"Mguu huo ni wa kigeni, mama. Haujaapishwa." Mheshimiwa alichezesha vidole vyake vya mguu, fundi akaandika. "Na tazama, tukipima huo kitakuwa kiatu kidogo hivi. Watu watasema Mkarimu Mkuu ni mchoyo. Kiatu hiki ni sura ya taifa."

"Kitachukua siku ngapi?"

"Ngozi tumeagiza nje."

"Kutoka wapi?"

Mheshimiwa akataja nchi. Ilikuwa nchi ya Siwatu. Ngozi ilikuwa inasubiri pantoni, upande ule alikotoka yeye, na imekwama kwa kuwa muuzaji wa kule, kwa mazoea yake tu, alikuwa ametupia juu kipande kimoja cha ziada, na forodha ya Ukarimu ilikuwa imekigundua kwenye hati.

Siwatu hakupiga kelele. Nadhani hapo ndipo pumzi ya kupiga kelele ilipomwishia. Alirudi nyuma ya soko, akakaa kizingitini, akaanza kumwimbia mtoto huku ameshika miguu yake, mmoja mkono huu, mwingine mkono huu, amezinyoosha nyayo zitazame mbele. Aliishika hivyo mchana kutwa. Mikono ikifa ganzi, Bi Mwatano anashika yeye. Gauni lilikuwa halina kifungo tena, amelibana kwa pini. Walishikana zamu namna hiyo siku kumi na moja, wakila kwa mkono mmoja, na kila waliposinzia wote wawili, mguu ulikumbuka kidogo.

Vidole viwili. Kisha kimoja. Siku ya ishirini na nne hakupima.

*

Hafla ilifanyika uwanja wa soko, saa nne asubuhi. Mkarimu Mkuu hakuweza kufika kwa sababu ya kazi nyingi za ukarimu. Aliwakilishwa na picha yake, iliyokalishwa kwenye kiti na kupepewa. Wanafunzi waliimba. Askari wanne waliingia kwa mwendo wa pole, wamebeba sanduku lililopakwa rangi ya dhahabu, na ndani yake, juu ya pamba, kiatu kimoja cheusi cha mguu wa kulia, namba arobaini na tatu.

Mheshimiwa Daktari Daktari Kengemeka alisoma hotuba.

"Ndugu wananchi! Kuna nchi ambazo mtu akinunua viatu viwili anapewa viwili! Viwili tu! Anatupwa barabarani hivyo hivyo na viwili vyake, bila hata mtu wa kumuuliza hali! Je, huo ni utu? Leo historia imeandikwa. Mtoto huyu ameingia nchini na miguu miwili. Leo anatoka na viatu vitatu. Nawauliza wanaotusema vibaya huko nje: nani mwingine amefanya hivyo?"

Hakuna aliyejua mwingine aliyefanya hivyo. Makofi.

Lakiri nyekundu ikavunjwa mbele ya watu. Bwana Lubango akamkabidhi Siwatu mfurushi wake wa gazeti, na juu yake sanduku la dhahabu. Siwatu aliliweka sanduku chini bila kulitazama. Akachana gazeti. Akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, akamlaza Batuli, akashika mguu wa kulia na kile kiatu kidogo chenye harufu ya ngozi, akajaribu kuuingiza.

Kisigino hakikushuka. Alilegeza kamba zote akajaribu tena, akaugeuza mguu kwa nguvu, mtoto akapiga yowe. Mguu ulikuwa umepinda kurudi mahali pake pa zamani, wayo umetazama wa mwenzake, na kiatu kilichotengenezwa kwa mguu ulionyooka kilikuwa hakina pa kuushikia. Akajaribu wa kushoto. Akajaribu tena wa kulia.

Uwanja mzima ulimwona mwanamke amepiga magoti mbele ya picha, ameinamisha kichwa mpaka ardhini, mabega yanamtetemeka. Makofi yakapanda kama mvua.

"Andika," Mheshimiwa alimwambia karani. "Mgeni alizidiwa na shukrani."

Bi Mwatano alikuwa mstari wa tano. Alipiga makofi kama wengine. Mikono yake ilikuwa bado na alama za kushika miguu ya mtoto.

*

Kwenye gati la pantoni kuna kamba imevutwa katikati. Wanaotoka Ukarimu wanapita kushoto, wanaoingia wanapita kulia, na askari anatembea huku na kule. Anayeingia anaruhusiwa kusema lolote, kwa kuwa bado ana matumaini, na matumaini hayana madhara. Anayetoka anaruhusiwa neno moja, "Ahsante". Neno la pili ni kuwachafua wageni.

Siwatu alikaa kwenye benchi la upande wake, Batuli mapajani, viatu pembeni. Sanduku la dhahabu lilikuwa limeshapakiwa na askari kwa heshima zote. Akisubiri kuitwa, aliona upande wa pili wa kamba mwanamke kijana, mrefu, kilemba cha njano, amemshika mtoto wa umri kama wa Batuli. Miguu ya mtoto ilikuwa na plasta nyeupe mpaka pajani, vidole vinachungulia. Plasta ilikuwa chafu kwenye visigino. Haikuwa ya kwanza wala ya pili. Vidole vilitazama mbele.

Siwatu akavitazama vile vidole. Akatazama viatu. Urefu ulikuwa ule ule, kwa jicho la mama haikuhitaji kupima.

Kumpa mtu kitu ni kifungo. Kusema ni kifungo. Lakini alipekua akilini mwake sheria zote alizosomewa kwa siku ishirini na nne, na hakukumbuka yoyote iliyotungwa kuhusu kusahau. Kengele ya pantoni ikalia. Akamfunga Batuli mgongoni taratibu, akavisogeza viatu kwa kiganja mpaka mwisho wa benchi, karibu kabisa na kamba, ncha zake akazielekeza upande wa pili. Askari alikuwa amegeuka. Siwatu akamtazama yule mwanamke machoni, akateremsha macho kwenye viatu, akampandishia tena. Akasimama, akaenda zake bila kugeuka, na kwa mara ya kwanza tangu avuke moyo wake ulipiga kama wa mtu anayekaribia kufika.

Alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ubao wa pantoni aliposikia mtu anakimbia nyuma yake.

"Dada! Dada weee! Umesahau vyako!"

Yule wa kilemba cha njano alikuwa amepita chini ya kamba, mtoto amembana kwapani, anahema, anacheka. Alikuwa amelelewa vizuri. Askari alikuwa nyuma yake, naye anatabasamu, amependa uaminifu ule.

"Haa, uchovu wa safari," mwanamke alisema, akimsukumia viatu kifuani. "Ungelia mbele ya safari! Vizuri hivi. Na mimi viatu kama hivi ndivyo nilivyovifuata. Eti huko sokoni vipo vingi?"

Askari alikuwa amesimama hatua mbili. Siwatu alifungua mdomo. Mgongoni Batuli alikuwa anamvuta sikio, anacheza. Alikuwa na neno moja tu aliloruhusiwa, na mtoto mmoja wa kumrudisha nyumbani.

"Ahsante," akasema.

"Aa, dada, usijali. Leo mimi, kesho wewe."

Ubao ukavutwa. Maji yakaingia kati yao, ya kahawia, yakapanuka. Pantoni ilipokata katikati ya mto, ambako sheria za Ukarimu hukomea, Siwatu alikimbilia ukingoni, akapaza sauti yake yote, "Usiombe nyongeza! Nunua uondoke! Usiombe kitu!" Alirudia mpaka koo likakauka na abiria wakamtazama.

Kwa umbali ule, juu ya injini ile, hakuna kilichofika. Lakini mwanamke bado alikuwa amesimama gatini anamsindikiza kwa macho, na alipoona mikono inapungwa alifurahi. Akamwinua mtoto wake juu, akaushika mguu wake mmoja ule wenye plasta nyeupe, ulionyooka, akaupungia pantoni.